Mbeya Hadi Nkhata Bay: Siku ya Panda Shuka

Ukiitazama kwenye ramani, safari ya Mbeya hadi Nkhata Bay, ufukweni Malawi, haitishi. Kilomita hazifiki 500, lami mwanzo mwisho, na sehemu ya njia unaambaa na ziwa. Mtu wa Dar aliyezoea kushinda kwenye basi kutwa nzima mpaka Mbeya ataiona safari ya mchana mmoja tu. Kinachoila siku yote ni vipande vyake: kosta, boda, miguu, teksi ya kuchangia, haisi, na kama una bahati, gari lolote la mwisho litakalokuokota Mzuzu usiku. Kila kipande kina mwenyewe, na mwenyewe huyo hang'oi mpaka gari lijae.

Yapo mabasi yanayotoka Dar moja kwa moja mpaka Malawi, na mwenye haraka apande hayo. Mimi nilikuwa Mbeya tayari, sina haraka, na nilitaka kuuona Mlima Rungwe mchana.

Panda shuka ninayoisema si ya mafumbo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Uyole barabara inapanda kwanza, inavuka Uporoto kwenye baridi ya mashamba ya viazi, kisha inaporomoka Tukuyu mpaka kwenye joto la Kyela, jirani na Ziwa Nyasa ambalo liko kwenye mita 475 hivi. Upande wa Malawi inafuata ufukwe, inapanda tena Chiweta, inafika Mzuzu kwenye mita kama 1,250, halafu inashuka tena ziwani. Sweta nililivaa na kulivua mpaka nikakoma. Moyo nao ulipanda na kushuka, ila kwa ratiba yake wenyewe.

Stendi ya Nanenane saa kumi na moja alfajiri mwezi wa sita si mahali pa kumpeleka mtu wa Tanga. Mvuke unatoka mdomoni, mama wa chai amejifunga vitenge viwili na blanketi, na wapiga debe wanapaza sauti ya "Malawi! Malawi moja kwa moja!" kana kwamba kosta ile ina hati ya kusafiria. Haiendi Malawi. Inakwenda Kyela, na wewe wa Malawi utashushwa njia panda ya Kasumulu ujitegemee. Kila mtu pale stendi anajua hivyo, pamoja na mpiga debe mwenyewe, ambaye ukimbana anacheka na kusema, "Si njia ni hiyohiyo, dada?"

Begi langu la mgongoni ndilo lililoleta maswali. Refu, la kijani, lina mikanda kila upande, na juu yake nimefunga godoro la kukunja. Konda alilizunguka, akalipima uzito kwa mkono mmoja, akaniuliza kama natoka JKT. Mwenzake akasema hapana, huyu ni mtu wa kupima ardhi. Nilipowaambia natembea tu, waliitikia kwa heshima ile wanayopewa watu wasiotaka kusema ukweli wao.

Siti ya pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo mwenye shangazi kaja mbili zilizojaa mpaka zipu zinalia. Moja ilikwenda juu ya gari, nyingine ikakaa miguuni petu wote wawili, bila kujadiliana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha naye akaniuliza swali la siku: "Unafuata mzigo gani huko, mwanangu?" Yeye alikuwa na vitenge, kandambili na nguo za watoto, anavipeleka Karonga, na akirudi anarudi na karanga. Anakwenda hivyo karibu kila wiki. Nikamwambia sifuati mzigo. Akanitazama, akalitazama begi juu ya mapaja yangu, akasema, "Haya. Ila ukishapajua utafuata tu."

Kosta ilijaa, ikajaa tena, kisha ikaondoka.

Sehemu ya kutoka Uyole mpaka Tukuyu ni moja ya njia nzuri kuliko zote nchini, na nashangaa hatuiimbi zaidi. Barabara inajikunja ndani ya mashamba ya viazi yanayopanda mlima mpaka unajiuliza mtu anayalimaje bila kuteleza. Isyonje kulikuwa na ukungu, na pembeni mwa lami yalipangwa magunia ya lumbesa yaliyoshonewa kichwa cha ziada juu, ile lumbesa inayopigwa marufuku kila mwaka na kila mwaka bado ipo. Baadaye ukungu unafunguka, Rungwe inatokea upande wa kushoto, karibu mita 3,000, na bondeni ni migomba, migomba, kisha chai iliyokatwa sawasawa kama zulia. Dirishani wanakuja na mikungu ya ndizi, mahindi ya kuchemsha, maparachichi. Nilinunua mahindi mawili. Mama akanunua ndizi mbivu, akanipa nne bila kuniuliza kama nataka.

Ndizi ndizo zilizomfungua mdomo. Alinihadithia mwaka 2025, nchi hizi mbili zilipozuiliana mazao: Malawi ilianza kufungia bidhaa kadhaa za nje, mchele na ndizi zikiwemo, nasi mwezi wa nne tukajibu kwa kufungia mazao yao. Zuio letu liliondolewa baada ya siku chache, lakini ndizi hazisubiri siku chache. "Watu walilia pale mpakani," alisema. Yeye nguo zake hazikuguswa, ila mdogo wake anauza ndizi. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo simuni wakati wake, nikaipita. Ilikuwa habari ya wizara na matamko. Pale kwenye kosta, maganda yakiwa mapajani, niliisikiliza vizuri zaidi.

Baada ya Tukuyu unaanza kuvua nguo. Masikio yanaziba, yanazibuka, baridi inakatika, na ndani ya muda mfupi kila mtu kwenye gari ana jasho. Chai inaisha, inaanza kakao, imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, na baada yake mashamba ya mpunga. Mchele wa Kyela ukiuzwa Dar kila muuzaji anaapa ndio huo. Hapa unauona ukiwa bado shambani na huna wa kumwapia.

Njia panda tulishuka. Boda wakatuvaa. Mimi nilikuwa najiandaa kubishana bei, lakini mama alikwishasema neno moja la Kinyakyusa na bei ikashuka kwa wote wawili. Begi langu likawekwa mbele juu ya tangi, dereva akawa anachungulia njia kwa pembeni. Pikipiki zilizokuwa zinatupita zilibeba madumu ya manjano, manne, mengine sita. Malawi imekuwa na uhaba wa mafuta mara kwa mara miaka hii ya karibuni, na penye uhaba upande mmoja wa mto, upande wa pili haukosi mtu mwenye dumu.

Mpaka wa Kasumulu wenyewe hauna makuu. Unagonga muhuri wa kutoka, unaonyesha kadi ya homa ya manjano, unavuka daraja la Songwe. Mto huu ndio mpaka, lakini una tabia ya kuhama: mvua zikizidi unajichongea njia mpya kwenye tambarare, na mkulima anaamka shamba lake liko ng'ambo. Serikali mbili zimeshakaa vikao vingi kuhusu namna ya kuutuliza. Niliposimama darajani ulikuwa mdogo, wa kahawia, hauna habari na mtu.

Mtanzania hahitaji viza kuingia Malawi, kwa hiyo nilitarajia kupita haraka. Mbele yangu walikuwa wazungu wawili wenye mabegi kama langu. Waliulizwa wanakwenda kufanya nini, wakasema utalii, wakamalizana. Nikaulizwa mimi, nikasema utalii. Ofisa akainua uso. "Utalii? Wewe peke yako? Huna biashara?" Hakuwa mkali hata kidogo, alikuwa na udadisi wa kweli, na nadhani nilikuwa nimemkatisha asubuhi ndefu ya wauza vitenge. Akaniuliza nakwenda wapi hasa. Nkhata Bay, nikasema. Hapo akabadilika akawa ndiye mwongozaji: nisikose kisiwa cha Likoma, nisikose kanisa lake kubwa la mawe, nisile samaki wa chambo Mzuzu, nikamle ziwani kwenyewe. Muhuri ukagongwa. Nyuma yangu mama alikwishapita zamani. Yeye humjua kila mtu.

Kuhusu kubadili fedha nitasema kwa ufupi. Noti kubwa kuliko zote ya Malawi ni kwacha 5,000, iliyotoka mwaka 2022, na kwa bei za sasa haikufikishi mbali. Ukibadili shilingi kiasi cha safari unapewa bulungutu. Bei ya benki na bei ya mtaani ni vitu viwili tofauti, na vijana wa mpakani wanahesabu noti kwa kasi ya kukufanya uamini. Mama alizichukua kutoka mkononi mwa kijana, akazihesabu yeye taratibu, moja moja, huku kijana akitazama pembeni. Zilipungua. Akadai, zikaongezwa, hakuna aliyepaza sauti. Kisha akaniambia jambo lililonisaidia kuliko kitabu chochote cha wasafiri: "Huko mbele usilipe nauli mpaka gari liwe linatembea. Na ukae kushoto, ndiko liliko ziwa."

Sasa saa. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja. Unavuka daraja saa tano asubuhi, unafika ng'ambo saa nne. Saa nzima ya bure! Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti. Tukapanda teksi ya kuchangia, gari dogo la watu watano ambalo kwa hesabu ya dereva ni la watu saba: wawili siti ya mbele, wanne nyuma, na dereva mwenyewe aliyeegemea mlango kana kwamba gari si lake. Vizuizi vya polisi vilikuwa kadhaa. Kila kimoja askari aliinama, akatuhesabu, tukamtazama, akatuachia. Nje ulikuwa ulimwengu uleule tuliouacha, mpunga uleule, nyumba zilezile za tofali za kuchoma, na Kingonde ninachokisikia siti ya nyuma kinafanana na Kinyakyusa kiasi kwamba mama alikuwa anachangia mazungumzo bila kubadili gia.

Karonga tukaagana. Alishika shangazi kaja moja, kijana akabeba ya pili, akaniambia tena, "Kushoto," akapotea sokoni. Jina lake sikumwuliza, naye hakuniuliza langu. Ndiyo desturi ya barabarani.

Kuanzia hapo siku ikashuka.

Haisi ya Mzuzu ilikuwa stendi, inaunguruma, imejaa watu, konda anapiga kelele imebaki siti moja. Nikaingia, nikapata kushoto dirishani, nikajipongeza. Baada ya dakika kumi kijana wa mbele yangu akashuka kununua soda, hakurudi. Wawili wa nyuma wakashuka kujisaidia, hawakurudi. Walikuwa wa kuazimwa, wakaa siti wa kuonyesha gari limejaa, na sasa wamehamia haisi ya pili ambayo nayo ilikuwa inaunguruma imebakiza siti moja. Mchezo huu nimeuona Ubungo ya zamani na nimeuona Arusha. Hapa umefanyiwa kazi zaidi. Tulibaki abiria wanane wa kweli kwenye gari la watu kumi na sita, ukiwahesabu kwa ustaarabu, au ishirini na kitu, ukiwahesabu kwa hesabu ya konda.

Ile saa ya bure niliyoipata darajani niliitoa yote pale, na nyingine juu yake. Joto la Karonga ni la kukandamiza. Mji una makumbusho yenye mifupa ya dinosari, yule Malawisaurus aliyefukuliwa wilaya hii hii, na nilikuwa nimepanga nikamwone. Lakini ukishuka unapoteza siti, na ukipoteza siti ya dirishani utakaa kwenye kibao katikati, magoti masikioni, mpaka Mzuzu. Nikabaki. Nje ya dirisha kulikuwa na kituo cha mafuta chenye foleni ya magari iliyozunguka kona, na madereva wamelala ndani, milango wazi. Dereva wetu naye alikwenda "kutafuta mafuta" akarudi na dumu na mpira wa kunyonyea.

Watu husema uchovu wa safari ni mwendo. Mimi sikubali. Mwendo unapumzisha, hata mwendo mbaya. Kinachochosha ni kukaa ndani ya gari lisilotembea ukiwa hujui kama litaondoka sasa hivi au baada ya saa mbili, kwa sababu huwezi hata kuamua kukasirika vizuri. Ukikasirika, injini inaunguruma. Ukitulia, inazimwa. Waliokuwa ndani, wengi wao wakiwa wanawake wenye mizigo, walikuwa wameshaimaliza hasira hiyo miaka mingi iliyopita. Mmoja alikuwa anasuka. Mwingine alimlaza mtoto mapajani mwa mwanamume asiyemjua akaenda kununua maji. Nilikuwa mtu pekee mle ndani niliyekuwa natazama saa, na pia mtu pekee ambaye hakuna kitu kilichokuwa kinamngoja.

Tuliondoka. Nililipa nauli gari likitembea, konda akacheka akaniuliza nani kanifundisha.

Na ziwa lilikuwa kushoto. Kwetu ni Nyasa, kwao ni Malawi, na mpaka upite katikati ya maji au ufukweni ni kesi ya tangu mkataba wa Mjerumani na Mwingereza wa 1890, ambayo nawaachia wenye vyeo. Maji yalikuwa ya buluu nzito, ng'ambo milima ya Livingstone ya upande wetu inaonekana kama kivuli. Usipa, dagaa wa ziwa hili, walianikwa kwenye vichanja virefu, harufu yao inaingia na upepo. Kila kijiji tulisimama, kila tuliposimama kiliingia kitu: ndoo, kuku, gunia la mihogo, sahani ya mandazi ambayo wao huita mandasi na ambayo ni mandazi. Chitimba akashuka kijana anayepanda Livingstonia, kule misheni ya Waskoti ilikojengwa juu mwaka 1894, kwa miguu, na begi la shule. Nilimwonea wivu miguu yake.

Baada ya Chitimba barabara inaliacha ziwa na kuanza kupanda Chiweta. Ni mlima wa kona za ghafla, upande mmoja jabali, upande wa pili hewa. Gari letu lilipanda kona tatu au nne kwa gia ya kwanza, ikasikika sauti ya kupasuka, tukaanza kuyumba. Tairi la nyuma. Tukashuka wote. Watu walitafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu kabla hata dereva hajasema, kila mmoja na jiwe lake, bibi mmoja na jiwe kubwa kuliko langu. Tairi la akiba lilikuwa limeisha meno kabisa, upara mtupu. Dereva akalipiga teke, akaridhika.

Hapo ndipo nilipofurahi kuliko saa zote za siku hiyo. Sijui nielezeje bila kuonekana napenda matairi yapasuke. Lakini kulikuwa na upepo baada ya joto lile, ziwa zima liko chini yetu, na watu waliokuwa wamebanana kimya tangu Karonga walianza kuongea. Mwenye mandazi aliwagawia watoto kwanza, kisha wakubwa kwa bei ya hasara. Mwalimu mmoja aliyekuwa amefanya kazi Songea zamani alikuja na Kiswahili chake, kizuri, cha kizamani kidogo, akataka kujua kama bado watu wanasema "ndugu" maofisini. Akanionyesha lori lililopanda polepole likitoa moshi mweusi, akasema hilo ni la makaa ya mawe, yanachimbwa milima hii. Walipomaliza kufunga tairi, watu walikawia kurudi ndani.

Kisha likazama jua. Kwa saa zao ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu, mwezi wa sita, na giza likaja haraka. Ndipo nilipoelewa ile saa ya darajani ilivyo ya mkopo: wanakupa asubuhi, wanaichukua jioni. Kutoka pale mpaka Mzuzu sikuona kitu zaidi ya taa zetu, moja inatazama barabara na nyingine inatazama mitini.

Mzuzu nilifika na njaa, baridi imerudi, sweta liko chini kabisa ya begi. Haisi za Nkhata Bay zilikuwa zimekwisha. Nilikula chipsi za kukaangwa kwenye bati pana, na kabichi juu, zikiwa za moto kiasi cha kuniunguza ulimi, na sijutii. Mwuzaji ndiye aliyeniambia kuna pikapu inayoshuka na mahindi. Matola, wanaita, lifti ya kulipia. Nikakaa juu ya magunia na wanawake watatu na mzee mmoja mwenye baiskeli iliyofungwa kamba. Tulishuka kilomita hamsini hivi msituni, kona baada ya kona, na kila kona hewa inakuwa ya joto zaidi, mpaka nikavua sweta kwa mara ya mwisho. Mwanamke mmoja alinipa pembe ya blanketi mwanzoni, na tulipokaribia chini akaniomba nimshikie blanketi lenyewe maana limekuwa joto.

Nyumba ya wageni ilikuwa na taa moja na mlinzi aliyeamka upesi, kama mtu ambaye hakuwa amelala. Akafungua daftari, akaandika nchi, akaandika nilikotoka, akainua macho kwenye neno Mbeya, akauliza, "Leo?" Nikamwambia leo. Nikaomba chumba cha usiku mmoja tu, maana kesho nasubiri meli ya kwenda Likoma.

Akaifuta ile moja aliyokwishaiandika. "Lipia wiki, dada," akasema. "Itakayobaki tutakurudishia."